Baada ya Matibabu ya Saratani ya Utumbo: Tuanze na Nguzo Mbili za Stima

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wagonjwa waliomaliza matibabu, jamaa zao na wahamasishaji wa afya ya jamii, Mishomoroni, Kisauni. Imechapishwa kama ilivyosomwa, pamoja na majibu ya maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.

Naona wahamasishaji wetu wa afya ya jamii wameketi nyuma kabisa. Nawaomba wasogee mbele, maana sehemu kubwa ya kazi nitakayoieleza itawaangukia wao.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nimesomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika serikali ya kaunti ni kuyachukua maneno ya wataalamu na kuyaleta kwenu kwa lugha tunayozungumza barazani. Kwa hivyo nitakayosema ni ya kuwasaidia mzungumze vizuri na daktari wenu. Akiwaambia kinyume cha nilichosema, mfuateni yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyeona tumbo lako kwa ndani na mimi sikuliona.

Mada yetu ni mazoezi baada ya matibabu ya saratani ya utumbo mpana, pamoja na ile ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo karibu na njia ya haja kubwa. Ugonjwa huu hatuutaji sana kwa sababu unahusu choo, na mambo ya choo hayazungumzwi mbele ya wakwe. Lakini uko. Hapa Kenya ni miongoni mwa saratani tano zinazoongoza kwa wagonjwa wapya. Wengi mnamkumbuka aliyekuwa mbunge wa Kibra, Ken Okoth, aliyejitokeza mwaka 2019 na kuwaambia wananchi kwamba anaugua saratani hii, akafariki Julai mwaka huohuo akiwa na miaka 41. Kujitokeza kwake kulifungua midomo iliyokuwa imefungwa.

Leo hata hivyo nazungumza na walio hai, waliofanyiwa upasuaji, wakashonwa, wakamaliza kemo, wengine wakapigwa mionzi, wakarudi nyumbani. Swali lao ni moja. Sasa nifanye nini na mwili huu?

Jibu la jamaa zetu linajulikana. Mtu akirudi kutoka Makadara, hospitali ambayo kwa jina rasmi ni Coast General, tunamtandikia kitanda karibu na dirisha, tunamwashia feni, na kila akinyanyuka kuna sauti jikoni inayopiga kelele: "Bibi, kaa chini, utachoka!" Ni mapenzi, silaumu. Lakini mwili uliolazwa hupungua. Misuli ya mapaja huyeyuka haraka kuliko tunavyodhani, pumzi hufupika, usingizi wa usiku huharibika kwa sababu ya usingizi wa mchana, na uchovu badala ya kupungua huongezeka. Madaktari nao zamani walikuwa wakisema vivyo hivyo, pumzika. Siku hizi wamebadilika, na wamebadilika kwa sababu ya ushahidi.

Ngoja niwaeleze ushahidi mmoja, kwa sababu ndio ulionifanya niombe nafasi hii.

Kuanzia mwaka 2009 watafiti waliandikisha wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Canada na Australia. Wote walikuwa wamefanyiwa upasuaji na kumaliza kemo. Waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilipewa vitabu na vipeperushi vya kuwahimiza wale vizuri na wafanye mazoezi. Kundi la pili lilipewa hayo hayo, lakini juu yake likapewa mtu wa kulifuatilia kwa miaka mitatu. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi aliyekutana na kila mmoja kila wiki mbili katika miezi sita ya kwanza, kisha kwa nafasi zaidi. Hawakupelekwa kuinua vyuma kama wapiganaji. Lengo lilikuwa kuongeza kiasi cha kutembea kwa haraka dakika 45 hadi 60, mara tatu au nne kwa wiki, na kila mtu alichagua zoezi lake.

Matokeo yalitangazwa Juni 2025 huko Chicago na kuchapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine. Baada ya miaka minane, katika kila watu 100 wa kundi la vipeperushi, takriban 83 walikuwa hai. Katika kundi lililofuatiliwa, walikuwa 90. Tofauti ni watu saba kwa kila mia moja. Hebu tuangalie umati huu tulio nao hapa. Watu saba ni benchi zima.

Mimi kazi yangu ni kuandika vipeperushi, kwa hivyo mwaona jinsi habari hii inavyonigusa. Utafiti wasema wazi kwamba kipeperushi peke yake hakitoshi. Kilicholeta tofauti ni mtu wa kuuliza: "Jana ulitembea? Ulifika wapi? Mguu wauma?" Ndiyo maana nimewaita wahamasishaji waje mbele. Hatuna mtaalamu wa mazoezi kwa kila mgonjwa Kisauni nzima, na sidhani tutampata karibuni. Lakini tangu 2023 tunao wahamasishaji wanaopita nyumba kwa nyumba na mkoba wa kupimia presha na sukari. Swali moja zaidi katika ziara hiyo halina gharama.

Nisiwapambie habari. Utafiti huo ulihusu watu wa hatua ya tatu, na baadhi ya hatua ya pili walio katika hatari kubwa, na ulihusu utumbo mpana, si puru. Mazoezi hayakuchukua nafasi ya dawa, yalifuata baada ya dawa. Na waliofanya mazoezi walipata maumivu ya misuli na viungo zaidi kidogo kuliko wenzao, jambo ambalo mtu yeyote aliyeanza kutembea baada ya kulala miezi sita atalielewa. Kwa mgonjwa wa puru, au yule ambaye ugonjwa ulikuwa umesambaa, hatuwezi kumwahidi zile namba. Tunachoweza kumwambia ni hiki: wataalamu wa mazoezi wa kimataifa walikaa mwaka 2018 wakapitia tafiti za saratani za aina nyingi, wakaona kwamba dakika 30 za mwendo mara tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili, hupunguza uchovu na wasiwasi, na humrudishia mtu uwezo wa kufanya kazi zake. Hilo lafaa hata peke yake.

Sasa tuje kwenye mpango.

Kabla hujaanza, muulize daktari wako mambo manne. Je, kidonda cha upasuaji kimepona ndani na nje? Je, damu yangu imerudi kiasi gani? Je, moyo wangu uko sawa, hasa kama nina presha? Na je, kuna kitu ambacho nisinyanyue, na mpaka lini? Hilo la mwisho usikubali lijibiwe kwa "pole pole tu, mama." Omba wiki, omba kilo. Wengi huambiwa wasinyanyue kitu kizito kwa wiki 6 angalau baada ya upasuaji wa tumbo, na walio na stoma mara nyingi hadi wiki 12.

Na hapa Mishomoroni tunajua kitu kizito ni kipi. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Maji yakikatika, mama anatoka na mitungi miwili kwenda kisimani, aliyeshonwa na asiyeshonwa. Mazoezi yote nitakayowaeleza hayana maana kama siku ya kumi tumempa mgonjwa mtungi. Kwa hivyo sharti la kwanza la mpango huu ni la watu wa nyumbani: kwa miezi mitatu, mtu mwingine abebe maji. Kama hakuna mtu mwingine, achote kwa kidumu cha lita tatu, aende mara nyingi. Hizo safari nazo ni mazoezi.

Kutembea kwenyewe kwaanza kidogo mno, kiasi cha kumfanya mtu aone aibu. Toka mlangoni, nenda mpaka nguzo ya kwanza ya stima, kisha ya pili, urudi. Kama nguzo mbili ni nyingi, nenda moja. Asubuhi mara moja, jioni mara moja. Ni kama dakika tano kila safari. Fanya hivyo wiki nzima bila kuongeza, hata kama siku ya tatu wajisikia shujaa. Wiki ya pili ongeza nguzo mbili. Wiki ya tatu mbili nyingine. Napenda nguzo za stima kwa sababu haziongopi, na huhitaji simu wala saa ya mkononi, unahesabu tu. Mwenye saa aongeze dakika mbili hadi tano kila wiki, ni mamoja.

Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwanza siku, mpaka uwe unatoka karibu kila siku. Halafu urefu wa safari, mpaka ufike dakika 20 au 30 bila kusimama. Mwendo wa haraka uje mwisho kabisa. Wengi huanza na mwendo, hasa wanaume, hasa waliokuwa wakicheza mpira, na wiki ya pili wako kitandani tena.

Utajuaje mwendo unaofaa? Zungumza. Kama waweza kusimulia habari ya jirani sentensi kwa sentensi lakini kuimba kwakushinda, hapo ndipo. Kama waweza kuimba, watembea tu. Kama hata jina la jirani halitoki, punguza.

Kipimo kingine ni asubuhi ya pili yake. Ukiamka umechoka kuliko ulivyolala, jana ulizidisha, rudi kwenye kiasi cha wiki iliyopita. Hakuna aliyeshindwa hapo. Barabara ya kupona ina mashimo kama barabara zetu za ndani, na dereva mwenye akili hupunguza.

Walio bado kwenye kemo wana hesabu yao. Dawa hutolewa kwa mizunguko, wengine kila wiki mbili, wengine kila wiki tatu, na kila mzunguko una siku zake mbaya na siku zake nzuri. Baada ya mara mbili tatu mtu huzijua. Ziandike. Siku mbaya, inuka tu kutoka kitandani mpaka kibarazani na urudi, mara nne tano kwa siku. Siku nzuri ndizo za nguzo za stima. Lakini mwenye homa, au aliyeambiwa kinga yake imeshuka sana, asitoke kwenda mahali penye watu, na homa ya digrii 38 ni ya kwenda hospitali usiku huohuo, usingoje kuche.

Wiki kama sita au nane zikipita vizuri, na daktari amekubali, ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Usiende kokote. Kaa kwenye kiti kisichoyumba, simama bila kushika, kaa tena. Mara tano zatosha mwanzo. Simama mbele ya ukuta, weka viganja, sukuma kama unayetaka kuusogeza. Chukua chupa mbili za maji za nusu lita, nyanyua. Toa pumzi wakati wa kunyanyua, usiizuie, maana kuzuia pumzi ndiko kunakosukuma tumbo nje. Wanaoishi kwenye zile nyumba za kupanga za ghorofa wana ngazi: mkono mmoja kwenye ukingo, ghorofa moja, pumzika, shuka.

Kuna kazi za nyumbani ambazo hatuzihesabu kuwa mazoezi na kumbe ni mazoezi makali. Kukaa kwenye mbuzi na kukuna nazi, umejikunja, magoti yakikubana tumbo, ni kazi ya kungoja mpaka mshono uwe imara. Kufua nguo kwa kuinama pia. Weka karai juu ya meza, na nazi mwachie kijana. Kufagia kwa ufagio mrefu hakuna shida. Na kwa Waislamu, wengi huswali wakiwa wamekaa baada ya upasuaji, na wanaitazama siku ya kurudi kwenye sijda kwa hamu. Ikaribie kwa hatua, rukuu ndogo kwanza, kisha kuinama ukishika kiti, na usijilazimishe. Masuala ya twahara kwa mwenye mfuko wa haja waulizeni masheikh. Hayo si yangu.

Nimekwisha kuutaja mfuko, basi tukae hapo kidogo, maana hapo ndipo watu wengi husimama kabisa. Mwenye stoma huogopa mambo mawili, mfuko kuvuja njiani na watu kuona. Umwage kabla hujatoka. Beba mwingine kwenye mkoba, pamoja na kitambaa na chupa ya maji. Dera pana huficha kila kitu, na shati la nje ya suruali vilevile. Mara za kwanza zunguka karibu na nyumbani, au chagua njia yenye msikiti au duka la mtu unayemjua ambapo waweza kuomba choo bila maelezo mengi. Ushauri huohuo ni wa yule asiye na mfuko lakini ambaye, baada ya upasuaji wa puru, haja humjia ghafla mara sita saba kwa siku. Angalia saa zake, toka baada yake. Na kuna zoezi lake: kaza misuli ya njia ya haja kana kwamba unazuia upepo mbele za watu, hesabu mpaka tano, legeza, mara kumi, mara tatu kwa siku. Waweza kulifanya ukiwa ndani ya matatu. Aliyepigwa mionzi aulize kwanza mtaalamu wa viungo.

Hatari ya kweli kwa mwenye stoma ni ngiri kando yake, pale nyama za tumbo zinapolegea na utumbo kusukumana nje. Ndiyo maana ya yote niliyosema juu ya mitungi. Kuna mikanda ya tumbo ya kushikilia mahali hapo, muulize muuguzi wa stoma kipimo chako kabla hujanunua wowote.

Joto. Ukisoma miongozo ya mazoezi iliyoandikwa Ulaya, inamwonya mtu na barafu. Sisi shida yetu ni Februari na Machi, kaskazi inapolegea na hewa ikasimama. Toka asubuhi jua halijakali, au baada ya alasiri. Mwenye stoma ya utumbo mwembamba, ile inayotoa majimaji, hupoteza maji na chumvi mchana kutwa hata bila jasho. Huyo maji matupu hayamtoshi. Awe na pakiti za ORS kutoka zahanati, azichanganye kama zilivyoandikwa. Madafu ni mazuri na mimi siyakatai, lakini chumvi yake ni kidogo kwa mtu huyu, hayachukui nafasi ya ORS. Mwenye maradhi ya figo au presha aulize kwanza. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, leo hakuna safari.

Miguu. Dawa moja ya kemo inayotumika sana kwa saratani hii, oxaliplatin, huacha ganzi vidoleni, na ganzi hiyo huweza kuzidi hata miezi kadhaa baada ya dawa kusimamishwa. Mtu anakanyaga kigae hajui. Anakanyaga mchanga wa Pirates saa saba mchana, nyayo zinaungua, hajui. Kwa hivyo ndara zibaki nyumbani, mtu avae raba zilizofungwa vizuri, na kila jioni akague nyayo, kwa kioo au kwa mjukuu. Na anayetaka kuingia baharini, kidonda kikishapona na ngozi iliyopigwa mionzi ikishatulia, aingie tu. Hata mwenye mfuko. Umefungwa vizuri maji hayaingii, na kutembea ndani ya maji ya kiunoni ni zoezi zuri kwa mwenye magoti mabovu. Mtu asiingie peke yake, na ufukwe wa umma ule pale hauna kiingilio.

Jambo la usalama sitaliruka, kwa sababu nimesikia minong'ono tangu nilipotaja asubuhi. Najua mtu wa Kisauni hawezi kuambiwa atoke gizani peke yake kwa ajili ya afya. Tokeni kumekucha, tokeni wawili au watatu, pitieni njia kubwa yenye maduka yaliyofunguliwa. Kutembea na mwenzako kuna faida mbili, kwanza usalama, pili ataona aibu wewe ukienda yeye akabaki. Na masika yakijaza maji njia za ndani, tembea palepale chumbani, ukinyanyua magoti, nyimbo tatu za redio. Inahesabika.

Nunua daftari la shule. Kila siku andika tarehe, nguzo ngapi au dakika ngapi, na ulivyoamka kesho yake. Basi. Mhamasishaji akija mwonyeshe, ukienda kliniki mwonyeshe daktari. Daktari aliye na wagonjwa foleni mpaka nje hawezi kujua ulivyoendelea kwa kukuuliza "waendeleaje" nawe ukajibu "twashukuru." Daftari husema zaidi. Na ukiwa na shida ya kiungo au kifua, omba barua ya kumwona mtaalamu wa viungo. Watu wengi hawajui kwamba waweza kuiomba wao wenyewe.

Simama mara moja na utafute hospitali ukiona haya: maumivu ya kifua, na hasa ukiwa bado unatumia vidonge au sindano za kemo, kupumua kwa shida ukiwa umekaa, mguu mmoja kuvimba na kuuma sehemu ya ndama, stoma kugeuka rangi ikawa nyeusi au zambarau, kutapika huku mfuko hautoi kitu, damu mpya kwenye haja, maumivu ya mfupa yasiyokuacha ulale. Hayo si ya kusubiri siku ya kliniki. Na wewe ambaye hujawahi kuugua, umekuja kumsindikiza mamako, damu kwenye choo usiiite bawasiri mpaka daktari ameiita hivyo.

Sasa maswali. Niliyaandika yote, nitajibu mawili hapa.

Ndugu mmoja ameuliza: yeye ni msukuma mkokoteni, amemaliza kemo mwezi wa tatu huu, ana watoto wanne, na hayo mambo ya nguzo za stima yatamlisha nani? Swali la haki. Kwanza, hana stoma, na daktari wake amesema mshono umepona, hilo ni jema. Jibu nililopata kwa mtaalamu wa viungo ni kwamba kazi yake irudi kama mazoezi yanavyorudi. Mkokoteni mtupu kwanza, safari fupi, siku tatu kwa wiki. Kisha mzigo nusu, akiwa na mwenzake wa kusukuma mlimani, na yeye asiwe wa kupakia wala wa kupakua, kwa sababu kunyanyua kutoka chini ndiko kunakoharibu zaidi ya kusukuma. Mzigo kamili mwisho, ikiwezekana baada ya kuonwa tena na daktari. Atapata pungufu kwa miezi kadhaa, sitamdanganya. Wenzake wa kituo chake wako hapa, wamesema watapakia. Nimewaandika majina, mhamasishaji wa eneo lao anayo.

Mama mmoja naye ameuliza juu ya Ramadhani. Kama daktari amemruhusu kufunga, na hilo aulize kwanza, hasa mwenye stoma ya majimaji, asitembee kwa haraka mchana wa saumu. Atembee usiku, saa moja au mbili baada ya futari, akishakunywa vya kutosha, na futari iwe nyepesi kabla, mahamri yangoje mpaka arudi. Akienda tarawehe kwa miguu na kurudi, hiyo ndiyo safari yake ya siku ile, aiandike kwenye daftari. Akichoka katikati ya rakaa, akae.